UCHAMBUZI: Kijisanduku cha abiria kiliogopwa angani, hatari halisi ilikuwa kwingine

ABIRIA anayesafiri kwa ndege kutoka Nairobi hadi Mombasa hukaa angani kwa muda usiotimia saa moja. Akibahatika kupata kiti cha dirishani upande wa kulia, na mawingu yakimhurumia, huuona Mlima Kilimanjaro. Baada ya hapo chini huwa ni nyika tupu, na ni wachache wanaoweza kuapa kwamba mji ule mdogo unaometameta mabati ni Voi wala si Mariakani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wasafiri waliotaka kujiondolea shaka ya namna hiyo walianza kupanda ndege wakiwa na vifaa vya GPS, vijisanduku vinavyotoshea kiganjani ambavyo hapo awali vilikuwa vya wanajeshi, mabaharia na wapanda milima. Kikiegemezwa kwenye dirisha, kifaa hicho kilimwonyesha mwenyewe mahali alipo, kasi ya ndege na kimo chake kutoka usawa wa bahari. Katika baadhi ya ndege kilimletea pia mhudumu aliyemwamuru akizime mara moja.

Mvutano huo sasa umekwisha kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, historia yake inastahili kutazamwa upya, kwa kuwa GPS hiyo hiyo imegeuka kuwa chanzo cha wasiwasi mkubwa kwa marubani, na wasiwasi wenyewe hauna uhusiano wowote na abiria wa dirishani.

Kosa la kwanza ambalo watu wengi hufanya ni kudhani kwamba kifaa cha GPS huzungumza na setilaiti. Hakizungumzi, bali husikiliza tu. Setilaiti za mfumo huo wa Marekani, ambazo hazipungui 24, huizunguka dunia zikiwa umbali wa takriban kilomita 20,200 kutoka ardhini, na kila moja hutangaza bila kukoma saa na mahali ilipo. Kifaa kikizisikia nne kwa wakati mmoja, hupima jinsi ujumbe wa kila moja ulivyochelewa kufika na kupiga hesabu ya mahali kilipo. Ndiyo maana abiria wa kiti cha katikati hapati kitu. Mawimbi hayo huwa yamedhoofika mno yanapofika kwenye ndege, na bati lake huyazuia yasipenye ila madirishani.

Ikiwa kifaa husikiliza tu, kwa nini kilikatazwa? Jibu linapatikana katika redio ya kawaida ya FM. Redio inayopokea stesheni za kati ya megahezi 88 na 108 hutengeneza ndani yake mawimbi yake yenyewe, ambayo kwa kawaida huipita stesheni inayosikilizwa kwa megahezi 10.7. Ukipiga hesabu utaona kwamba redio iliyofunguliwa kwenye stesheni za juu huangukia moja kwa moja katika uwanja wa megahezi 108 hadi 118, ambao hutumiwa na minara ya redio inayowaelekeza marubani. Wahandisi waliligundua tatizo hilo mapema, na kufikia miaka ya 1960 Marekani ilikuwa na kanuni ya kudhibiti vifaa vya elektroniki vya abiria. Mataifa mengine yaliweka kanuni zinazofanana na hiyo. Kenya nayo humpa rubani mamlaka ya kuzuia kifaa chochote kinachoweza kuathiri mitambo ya ndege.

Kwa hivyo hofu hiyo haikuzuka hewani. Mnamo Juni 6, 2003, ndege ndogo ilianguka karibu na uwanja wa Christchurch, New Zealand, na watu wanane wakafa. Wachunguzi walisema huenda simu ya mkononi ya rubani mwenyewe ilichangia kuvuruga kifaa kilichokuwa kikimwongoza kutua. Lakini simu hupeleka mawimbi, na kwa nguvu. Kuiweka kapu moja na kifaa cha GPS ni sawa na kumshtaki anayesikiliza hotuba kwa makosa ya anayehutubu.

Kanuni ya Marekani yenyewe iliruhusu vifaa vichache bila masharti: vinasa sauti, visaidizi vya kusikia, vidhibiti mapigo ya moyo na mashine za umeme za kunyolea ndevu. Vingine vyote viliachiwa kila shirika la ndege liamue. Matokeo yake, kifaa kile kile kilikuwa halali katika ndege ya asubuhi na haramu katika ndege ya jioni, kwa kuwa abiria alibadilisha shirika tu. Mtu aliweza kunyoa ndevu kwa umeme angani bila kumwomba yeyote ruhusa, lakini kujua yuko wapi kulihitaji idhini. Na baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, abiria aliyeonekana akifuatilia kwa makini njia ya ndege hangeshangaa akitazamwa kwa jicho la shaka.

Je, abiria ana haja gani ya kujua ndege iko wapi? Swali hilo liliulizwa mara nyingi, tena kwa kejeli. Kuna safari mbili zinazolijibu.

Ya kwanza ni ya Korea. Mnamo Septemba 1, 1983, ndege ya abiria ya Korea Kusini iliyokuwa ikitoka Anchorage kwenda Seoul ilipotea njia kwa mamia ya kilomita, ikaingia anga ya Muungano wa Kisovieti na kudunguliwa. Watu wote 269 waliokuwemo waliangamia. Wiki hizo hizo Rais Ronald Reagan alitangaza kwamba mfumo wa GPS, uliokuwa bado ukijengwa na jeshi la Marekani, ungefunguliwa kwa raia wa dunia nzima ukikamilika. Yaani raia waliahidiwa GPS kwa sababu ndege ya abiria ilipotea na hakuna aliyekuwemo aliyejua.

Ya pili haijulikani sana Afrika Mashariki, na inatia uchungu zaidi kwa kuwa baadhi ya abiria waliona mambo yakienda mrama. Jioni ya Septemba 3, 1989, ndege ya shirika la Varig iliondoka mji wa Maraba, kaskazini mwa Brazil, kwenda Belem, safari isiyofika saa moja. Karatasi ya mpango wa safari iliandika uelekeo kwa tarakimu nne, 0270, ikimaanisha nyuzi 27.0, karibu kaskazini kabisa. Rubani alisoma 270, na ndege ikashika njia ya magharibi. Msaidizi wake alinakili tarakimu hizo hizo badala ya kuzikagua.

Walioizoea safari hiyo walishangaa kuona jua linalotua likiwa mbele yao ilhali lilipaswa kuwa upande wa kushoto. Belem haikuonekana. Ndege iliruka juu ya msitu gizani kwa zaidi ya saa tatu hadi mafuta yakaisha, na rubani akalazimika kuilaza juu ya miti. Watu 12 kati ya 54 walikufa. Walionusurika walikaa msituni siku mbili kabla ya kuokolewa, na ilibidi wanne miongoni mwao watoke kwa miguu kutafuta msaada.

Wakati huo GPS ilikuwa haijakamilika na vifaa vya mkononi vilikuwa nadra. Lakini mtu anayejua kisa hicho hawezi kumcheka abiria anayetaka kuona mshale mdogo ukielekea kule tikiti yake inakosema. Abiria si rubani na hapaswi kujifanya rubani. Hata hivyo, waliokuwa wakilitazama jua siku hiyo walikuwa na habari ambayo chumba cha marubani hakikuwa nayo.

Mabadiliko yalikuja Oktoba 31, 2013, Marekani ilipotangaza kwamba mashirika yakithibitisha usalama wa ndege zao yangeweza kuwaruhusu abiria kutumia vifaa vidogo tangu mlangoni hadi mlangoni, mradi simu zizimwe uwezo wa kupiga na kupokea. Ulaya ilifuata mwezi Desemba mwaka huo. Kufikia hapo kijisanduku chenyewe kilikuwa kimemezwa na simu. Leo abiria wengi wa Nairobi na Mombasa wamebeba GPS mfukoni, na katika simu nyingi huendelea kusikiliza setilaiti hata mawasiliano mengine yakizimwa.

Lipo pia kosa la upande wa pili, la kukitwika kifaa hiki uwezo kisiokuwa nao. Wakenya hawajasahau Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways ilipoanguka muda mfupi baada ya kupaa kutoka Douala, Cameroon, na kuua watu wote 114. Msako ulianzia karibu na Lolodorf, zaidi ya kilomita 100 kutoka Douala, ilhali mabaki yalikuwa katika kinamasi cha mikoko karibu na Mbanga Pongo, umbali wa chini ya kilomita sita kutoka mwisho wa barabara ya ndege. Yalipatikana siku iliyofuata. Hata kama kila abiria angekuwa na GPS mkononi, waliokuwa wakitafuta wasingeambiwa lolote. Kifaa kinachosikiliza tu humweleza mwenyewe alipo, hakimwiti mtu. Kumwita mtu kunahitaji kifaa cha kupeleka mawimbi, kama simu ya setilaiti, na hicho kina sheria zake. India, kwa mfano, imewahi kuwazuilia wageni viwanjani kwa kubeba vifaa vya namna hiyo.

Hatari halisi imetokea upande ambao kanuni za zamani hazikuuangalia. Katika uwanja wa Newark, Marekani, mtambo mpya wa kusaidia ndege kutua kwa GPS ulikuwa ukivurugika mara kwa mara. Mwaka wa 2012 chanzo kilinaswa: dereva wa gari la kazi aliyekuwa amechomeka kijidude cha kuvuruga mawimbi ili mwajiri wake asijue anakozurura. Mwaka uliofuata serikali ilipendekeza atozwe faini ya karibu dola 32,000. Kwa miaka mingi wahudumu walikuwa wamewakazia macho abiria waliokuwa wakisikiliza, ilhali aliyekuwa akipiga kelele alikuwa dereva wa gari.

Vitani jambo hilo limekuwa silaha. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka wa 2022, marubani wanaoruka karibu na Bahari ya Baltiki na Bahari Nyeusi wameripoti kupotelewa na GPS mara nyingi. Mwaka wa 2024 mawimbi ya kughushi yalizifanya simu za watu waliokuwa Israel kuonyesha kwamba wako uwanja wa ndege wa Beirut, Lebanon. Kuvurugwa hukifanya kifaa kinyamaze, na rubani hutambua. Kughushi hukifanya kiseme uongo kwa sauti ya ukweli, na hilo ni gumu zaidi kulitambua.

Aprili mwaka huo huo, ndege mbili za Finnair zililazimika kurudi Helsinki kwa kushindwa kutua Tartu, Estonia, kwa kuwa utaratibu wa kutua huko ulitegemea GPS. Shirika hilo lilisimamisha safari za Tartu kwa mwezi mmoja. Ndege zilirejea mwezi Juni, uwanja ulipokuwa umeandaa njia nyingine ya kutua, inayotumia minara ya redio iliyo ardhini.