CHUMVI YA HOKKAIDO, KUTU YA KIGAMBONI: NANI ANALIPIA PAWA STARINGI INAYOVUJA?

Leo siasa za majukwaani naziweka kando, naongelea magari. Usikimbie kwa sababu huna gari, hata mimi sina, nauli yenyewe ya kuja kukaa kwenye kompyuta hii nimeungaunga. Ila kama unapanda daladala, au una mdogo wako anayebebwa na Noah ya shule kila asubuhi, basi hii inakuhusu.

Kisa chenyewe ni hiki. Shemeji yangu, mume wa dada, ana Noah ile ya zamani, SR40. Anabeba watoto wa shule kutoka Kigamboni kuja mjini. Wiki chache zilizopita alikuwa anateremka taratibu kwenda kupanda pantoni, akakata kona, akasikia "paa!" upande wa injini, staringi ikawa ngumu kama jiwe. Ndani watoto saba! Bahati alikuwa mwendo wa kinyonga, na shem mwenyewe ana mikono ya kubebea magunia, akaivuta kwa nguvu ikapinda, akasimama pembeni. Chini palimwagika oili nyekundu mpaka mama mmoja kwenye foleni akapiga kelele akidhani ni damu.

Fundi alipolala chini ya gari akaita, "Bosi, njoo uone mwenyewe." Tukainama wote. Bomba la chuma linalopitisha oili ya staringi limeliwa na kutu hadi likapasuka. Bomba la breki, jirani yake, nalo limeota magamba. Chesisi ukiigonga na bisibisi unadondoka unga mwekundu. Na cha ajabu zaidi, juu ya kutu yote hiyo kulikuwa na rangi nyeusi nzito, imepigwa vizuri kabisa. Shem anaapa hajawahi kupaka rangi chini ya hilo gari tangu alinunue mwaka 2014, likiwa "ndo kwanza limeshuka melini". Sasa fikiria: kama kutu iko chini ya rangi, ipi ilitangulia?

Muuzaji simtaji, hana faida tena kwenye habari hii.

Kwa wasiojua, hiyo staringi inafanyaje kazi. Kuna pampu inazungushwa na mkanda wa injini. Inasukuma oili kwa presha kupitia mpira na bomba la chuma mpaka kwenye reki, ile inayosukuma matairi kushoto na kulia. Oili inakusaidia nguvu, halafu inarudi kwenye kikopo chake kupitia mpira mwingine. Tairi la gari dogo linajazwa upepo wa PSI 30 hivi. Ule upande wa kwenda, ukikata staringi mpaka mwisho, unabeba PSI 1,000 na zaidi! Ndo maana fundi akifunga kipande cha mpira wa petroli na klipu kwenye upande wa kurudi, gari linaweza kudumu mwaka. Akifunga vilevile upande wa presha, hamfiki hata Mbagala.

Oili ikiisha gari halikatai kukata kona moja kwa moja, kwa sababu chuma bado kimeungana kutoka kwenye usukani hadi kwenye tairi. Linataka misuli tu. Lakini dereva aliyezoea kukata kona kwa kidole kimoja, ghafla katikati ya kona anaambiwa atumie misuli... hiyo sekunde moja ndo inaua watu. Halafu kuna moto. Oili hiyo inawaka ikidondokea kwenye ekzosi iliyochemka. Mwaka 2012 Honda waliita Marekani magari zaidi ya 50,000 ya Acura TL kwa sababu mpira wa pawa staringi ulikuwa unaharibika kwa joto na kuvuja, wakihofia moshi na moto. Wenye magari hayo walibadilishiwa bure.

Sasa tuje kwenye kutu. Kaskazini mwa Japani, Hokkaido, Aomori, Niigata na kwingineko, theluji inaanguka kweli kweli. Ili barabara zisiteleze wanamwaga chumvi, pamoja na ile inayoitwa kalsiamu kloraidi ambayo ina tabia ya kunyonya unyevu hewani. Chumvi inarushwa na matairi, inajificha kwenye mikunjo ya chesisi, kwenye mabano ya mabomba, sehemu ambazo maji ya kuoshea hayafiki. Kule baridi kali inapunguza kasi ya kutu. Gari likipanda meli likashushwa Dar, chumvi ileile inakutana na joto na unyevu wa pwani yetu. Yaani tunailetea kutu hali ya hewa inayoipenda!

Sisemi makosa yote ni ya Wajapani. Shem amepanda pantoni miaka yote hiyo, upepo wa bahari unampiga asubuhi na jioni, daraja lipo tangu 2016 lakini yeye hesabu zake za tozo zinamkatalia. Na kuna kitu kingine watu hawakisemi: tunaosha magari na maji ya kisima. Visima vingi karibu na bahari maji yake yana chumvi, chai yenyewe haipikiki. Halafu kijana wa kuosha anapuliza maji hayohayo chini ya gari kwa mashine, anakwambia "nimekutoa tope lote bosi". Ametoa tope akaacha chumvi.

Wenzetu hili la chumvi wanalijua na wanalilipia. Mwaka 2014 Subaru waliita magari kama 660,000 Marekani, Legacy, Outback, Impreza na Forester, kwa sababu maji ya chumvi ya barabarani yaliweza kuozesha mabomba ya breki. Na hawakuita nchi nzima, waliita majimbo 20 pamoja na mji mkuu Washington, kule ambako chumvi inamwagwa barabarani. Unaona hapo? Mtengenezaji anajua kabisa gari lilioishi kwenye chumvi ni tofauti na lilioishi kwenye jua, hata kama yametoka kiwanda kimoja siku moja. Sisi kwenye tangazo tunasoma mwaka wa kutengenezwa, kilomita na rangi. Gari limeishi wapi? Kimya.

Kinachoniuma ni kwamba taarifa ipo. Kwenye minada ya magari kule Japani kila gari linakaguliwa na kuandikiwa karatasi yenye mchoro wa bodi. Ukiona herufi S ni kutu, kwa Kijapani "sabi". Ukiona C ni kutu iliyofikia kula bati. Namba pembeni yake ikikua, hali ni mbaya zaidi. Na mkaguzi huwa anaandika maelezo kwa mkono. Maneno ya kutafuta ni "shitamawari sabi", kutu ya chini ya gari. Kwa maandishi yao hiyo sabi inaandikwa サビ. Nakili hizo herufi mbili zihifadhi kwenye simu yako, ukiletewa karatasi uzitafute kwa macho. Hata kama mwandiko ni wa daktari utaziona.

Basi aliyenunua mnadani aliisoma karatasi hiyo, na bei aliyolipa ilishuka kwa sababu ya hiyo S. Ikafika safari ya huku, S ikafutika, bei ikapanda, ikaongezwa na rangi nyeusi. Punguzo la kutu alilichukua mwingine, kutu tukaachiwa sisi.

Mjadala wetu mkubwa umekuwa ukaguzi ufanyike wapi. Miaka mingi magari yaliyotumika yalikaguliwa hukohuko yanakotoka kabla ya kupakiwa, mwaka 2021 TBS wakahamishia kazi hiyo Dar. Watu walibishana sana, nani anapata mapato, nani anacheleweshwa bandarini. Sawa, ni hoja. Mimi mtoto wa kidato cha nne naona swali lililorukwa ni jingine: mnunuzi wa mwisho anaonyeshwa nini? Ingekuwa sheria kwamba karatasi ya mnada iambatane na kadi ya gari, na ile S iandikwe kwa Kiswahili "KUTU", shem angeulizia bei nyingine au angeondoka. Wala haihitaji mitambo ya mabilioni, karatasi yenyewe imeshaandikwa na mtu mwingine kwa gharama zake. Na hata Noah inayobeba wanafunzi, ile stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo haiwezi kukwambia bomba la chini likoje kama gari halikuinuliwa juu likatazamwa.

Wakati tunasubiri hayo, ukienda kuangalia gari beba tochi na kipande cha boksi. Boksi liweke chini ya injini usiku kucha, asubuhi utaona matone. Rangi mpya nyeusi chini ya gari kuukuu, uliza maswali. Staringi ikilia kama mbwa anayebembeleza ukikata kona, angalia kikopo cha oili. Minya ile mipira miwili ya mwisho wa reki, ikiwa imejaa oili ndani, sili zimekwisha. Na usikubali fundi akuongezee mafuta ya breki kwenye staringi "kwa muda tu", yanavimbisha sili na kuziharibu, hapo utanunua reki nzima. IST na Vitz nyingi staringi ni ya umeme, haina oili kabisa. Kuna jamaa yangu wa IST aliuziwa lita nzima ya oili ya staringi, mpaka leo anatafuta pa kuiweka, hahaha!

Noah ya shem ipo gereji. Bomba la staringi amepata la mtumba Gerezani, ya breki fundi anasema yabadilishwe yote, hela haijatosha. Jana jioni dada kanipigia, wazazi wawili wanauliza gari linarudi lini barabarani, na shem anafikiria kuanza kazi Jumatatu huku mabomba ya breki akiyabadilisha "mdogo mdogo". Nimemwambia asithubutu. Hajanijibu.

Wenye uzoefu na karatasi za mnada, au mafundi mliopo humu, mnisaidie cha kumwambia kabla ya Jumatatu. Nawakilisha.