Panki Nalo Lihesabiwe

Sangara akishaingia kiwandani Mwanza hutoka vipande vitatu, na kila kipande kina safari yake. Minofu hupakiwa kwenye barafu na kupelekwa Ulaya. Bondo, ule mfuko wa hewa ulio tumboni, hutolewa kando, huoshwa, hukaushwa na kupimwa kwa uangalifu wa sonara, kwa sababu kilo ya bondo kavu ikifika China au Hong Kong huuzwa kwa bei ambayo kilo ya minofu haiikaribii. Kinachobaki ni kichwa, mgongo na mkia: panki. Hilo halipandi ndege. Huuzwa kwa wachuuzi, huanikwa kwenye chanja, hutumbukizwa kwenye karai la mafuta mpaka mbavu zinakakamaa, kisha hupangwa sokoni likiwa limekunjamana, macho yametumbuka. Mlaji hulishika kwa mikono miwili na kuchokoa nyama iliyojificha shavuni na katikati ya pingili, pale ambapo kisu cha kiwandani kiliona hapalipi. Kisumu wanaliita mgongo wazi, jina lisilohitaji maelezo.

Nimeanza na panki kwa sababu mjadala wetu kuhusu maendeleo huanzia kwenye minofu na kuishia hapohapo. Tunahesabu tani zilizosafirishwa, fedha za kigeni zilizoingia, ajira za viwandani. Halafu siku nyingine kabisa, kwenye mimbari au kwenye safu za magazeti kama hii, tunalalamika kwamba maadili yameporomoka na mazingira yameharibika, kana kwamba hayo ni maradhi mawili yaliyoletwa na upepo. Mimi naona yote yametoka kwenye daftari moja lililoandikwa nusu. Kitu kipya kikija, tunaandika kilicholeta na hatuandiki kilichosukuma kando, na kinachosukumwa kando karibu kila mara ni kile ambacho watu walikipata kwa fedha kidogo, au bila fedha, kwa kuwa tu ni jirani, shangazi au mjane wa hapo mwaloni. Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno mawili, bei na thamani. Ziwa Victoria linaonyesha kinachotokea pale la kwanza linapomeza la pili.

Sangara hakuwamo katika ziwa hilo. Alitolewa Ziwa Albert na Ziwa Turkana, akapandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hoja ya waliomtaka ilieleweka vizuri: ziwa limejaa furu, visamaki vidogo vyenye miiba visivyomvutia tajiri wala mvuvi wa starehe, basi aletwe samaki mkubwa awale, ili nyama isiyo na bei igeuke nyama yenye bei. Wapo walioonya. Mtaalamu wa samaki Geoffrey Fryer alipinga mpango huo kwa maandishi mwaka 1960, lakini samaki akamwagwa. Kwa takribani miaka 20 hapakuonekana jambo kubwa, na bila shaka waliomleta walijiona wameshinda hoja. Ilipofika miaka ya 1980 sangara akafurika. Kati ya aina za furu zinazokadiriwa kuwa 500 au zaidi, takribani 200 zikatoweka, na wanabaiolojia hulitaja tukio hilo miongoni mwa maangamizi makubwa ya wanyama wenye uti wa mgongo katika karne ya 20.

Msomaji mwenye njaa ana haki ya kuuliza furu ni nini hata aliliwe kilio. Jibu ni kwamba kila aina ilikuwa na kazi yake. Wapo waliokula mwani, wapo waliokula konokono, wapo waliosafisha mabaki yaliyozama chini. Walipoondoka, mwani ukapata nafasi, maji yakawa ya kijani, na sehemu za kina kirefu zikaishiwa hewa. Kumbebesha sangara lawama yote itakuwa uonevu: udongo unaotiririka kutoka mashamba yaliyokatwa miti, mbolea na majitaka ya miji inayokua vimelisha mwani huo pia, na gugu maji, ua la pambo kutoka Amerika Kusini, lilikuja kufunga Ghuba ya Winam upande wa Kenya, likistawishwa na maji hayohayo yenye rutuba ya ziada. Lakini kuna jambo moja dogo linalosahauliwa. Furu alikaushwa kwa jua, na jua ni la bure. Sangara ana mafuta mengi. Ukimwanika ataoza kabla ya kukauka, kwa hiyo lazima abanikwe au akaangwe, na vyote viwili vinataka kuni. Samaki huyu alifika mwaloni na shoka, na hakuna taarifa ya tani zilizosafirishwa inayotaja mti hata mmoja.

Sasa tuje kwenye maadili, mahali ambapo watu hupenda kusema kwa sauti kubwa. Zamani za furu, ngege na ningu, samaki akitua mwaloni alipita mikononi mwa wanawake. Wao ndio waliomkausha, waliombeba sokoni, walioamua kipi kiuzwe na kipi kibaki chunguni. Mpangilio huo haukuwa pepo, ila ulikuwa na njia ndani yake: mtu asiye na mtumbwi wala nyavu alikuwa na mlango wa kumfikia samaki. Viwanda vilipokuja vilikuja na mawakala, na wakala alikuja na barafu, gari na mkopo. Alimpa mvuvi nyavu na injini, naye mvuvi akafungwa kumuuzia yeye tu, kwa bei anayoisema yeye. Mwanamke aliyekuwa akingoja mtumbwi na beseni lake akakuta samaki ameshauzwa kabla hajavuliwa. Kwenye fukwe za Kenya pakazaliwa neno jaboya, mpango ambamo mchuuzi wa kike humpa mvuvi mwili wake ili apate nafasi ya kununua samaki. Kununua, wala si kupewa. Maambukizi ya virusi vya UKIMWI katika jamii za wavuvi yakapanda kuliko katika jamii za jirani, na mahubiri juu ya tabia mbaya yakaongezeka. Sikatai mahubiri. Ninachosema ni kwamba wanawake hao hawakuamka asubuhi moja wakiwa wamepoteza aibu. Walipoteza beseni kwanza.

Pingamizi la kwanza najua linakotoka, na lina uzito. Sangara alijenga. Nyumba za matofali na shule za watoto kando ya ziwa zimetokana na samaki huyu, na kijana aliyekuwa hana kitu aliweza kushika fedha ndani ya usiku mmoja wa kuvua. Anayeyakebehi hayo huenda hajawahi kukosa. Wala siamini kwamba enzi za furu zilikuwa za neema; watu walikufa kwa maradhi ambayo leo dawa yake ipo kwenye duka la mtaani. Lakini faida ya kweli ndiyo hasa inayotaka hesabu ya kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa mkoani Kagera, wenye ufukwe mrefu wa ziwa, takribani watoto 4 kati ya kila 10 wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, na sangara peke yake hawezi kushtakiwa. Hata hivyo, eneo linaloilisha Ulaya minofu, na watoto wake hawakui, lina swali la kujiuliza kuhusu nani anakula nini.

Pingamizi la pili ni lile la kila siku: maskini hana anasa ya kutunza mazingira wala maadili, ashibe kwanza. Ushahidi wa ziwa hili unasema vingine. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria baada ya kuwepo taarifa za wavuvi kuvua kwa sumu ya kuulia wadudu. Kuvua kwa sumu kulikuwa kosa kabla ya hapo. Majirani walijua, na wa kwanza kabisa kula samaki huyo walikuwa watu wa hapohapo. Lakini mlango wa Ulaya ulipofungwa, mambo yaliyokuwa hayawezekani yakawezekana: wakaguzi wakapatikana, maabara zikaboreshwa, mialo ikasafishwa, na ndani ya takribani miaka miwili soko likafunguliwa tena. Umaskini haukuwa umepungua katika kipindi hicho. Kama ni kupungua, vipato ndivyo vilivyopungua. Kilichobadilika ni nani anauliza. Mlaji wa mbali aliuliza akajibiwa, na mlaji wa Magu au wa Homa Bay, kando ya ziwa lenyewe, hakuwahi kuulizwa chochote.

Hapa nitachepuka kidogo. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtengenezaji filamu kutoka Austria, alitoa filamu kuhusu sangara wa Mwanza, na mapanki yalionekana humo yakiwa kwenye chanja, funza wakitambaa. Mwaka 2006 Rais wa Tanzania wa wakati huo, Jakaya Kikwete, aliikosoa hadharani, na wengi wakaungana naye. Baadhi ya hasira hizo zilikuwa halali, maana filamu ilidokeza biashara ya silaha kwa ushahidi mwembamba. Ila nikikumbuka mjadala ule wote, naona tulibishana sana kuhusu picha ya panki kuliko kuhusu panki lenyewe. Wapo waliojitetea kwamba panki ni chakula halali na kitamu, jambo ambalo ni kweli. Hakuna aliyeeleza kwa nini ndilo pekee ambalo mfuko wa mtu wa pale ulilimudu.

Serikali zetu nazo zimechukua hatua dhidi ya uvuvi haramu, na si haki kuzidharau. Tanzania iliendesha Operesheni Sangara mwaka 2018, nyavu haramu zikachomwa moto. Uganda ilipeleka wanajeshi ziwani kuanzia mwaka 2017. Kokoro, wavu wa kukokota, linafagia hadi mayai, na sangara wa chini ya sentimita 50 hajapata hata nafasi ya kuzaa. Anayetaka ziwa lenye samaki kesho hawezi kulitetea kokoro. Lakini tazama hesabu ilivyokaa: sangara mdogo ndiye aliyekuwa akiuzwa kwenye masoko ya ndani, kwa sababu kiwanda hakimtaki na bei yake inashikika. Sheria ikimwondoa huyo sokoni, inafanya vyema kwa ziwa, na papo hapo inaondoa kitoweo mezani kwa watu ambao hawakualikwa kwenye kikao. Mvuvi aliyechomewa nyavu anasikia kwamba samaki analindwa, lakini akitazama anaona analindiwa kiwanda. Ndiyo maana sheria nzuri inageuka mchezo wa paka na panya. Mtu huheshimu kwa moyo kile ambacho na yeye amehesabiwa ndani yake.

Wapo wanaodai kwamba haya yote ni ya jana, na kwamba teknolojia imeshapata dawa. Wanaonyesha vizimba: sato wanafugwa humo humo ziwani, ziwa linapumzika, kijana anapata ajira. Navitakia heri vizimba. Lakini sato wa kizimbani analishwa, na katika chakula chake, kama katika chakula cha kuku wa mayai, mara nyingi mna dagaa waliosagwa. Dagaa ndiye kitoweo cha mwisho cha mtu wa kawaida kuzunguka ziwa lote, na mbali zaidi, maana magunia yake huondoka soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hadi Kongo. Kwa uzito, yeye ndiye anayevuliwa zaidi ziwani siku hizi, kumpita sangara. Hukaushwa kwa jua, kama furu. Huuzwa kwa fungu na kwa sado, yaani kopo la kupimia, na mwenye fedha ya fungu moja haondoki mikono mitupu. Viwanda vya vyakula vya mifugo navyo vimemgundua, na hununua kwa gunia, bila kujali kama ana mchanga.

Atakayesema kuku na sato pia ni chakula atakuwa amesema kweli, ila yai na sato wa hotelini vina mlaji mwingine. Mabadiliko haya yanaendelea sasa hivi, mbele ya macho yetu, kwa hiyo safari hii hatuna kisingizio cha kwamba ni maofisa wa kikoloni waliomwaga samaki usiku tukiwa tumelala. Wizara zinazohusika na uvuvi katika nchi tatu hutangaza tani na fedha zilizoingia. Ziongeze safu moja katika jedwali hilo: bei ya sado ya dagaa Mwaloni Kirumba na bei ya gorogoro, kopo la kupimia la Kenya, huko Kisumu, mwezi kwa mwezi, pamoja na kiasi cha dagaa kilichokwenda kwa watu na kiasi kilichokwenda kwa kuku. Kazi hiyo haihitaji maabara wala mkopo wa Benki ya Dunia. Inahitaji karani mmoja mwenye daftari, afike sokoni alfajiri, kabla malori hayajaondoka.