Nani Huisemea Lahaja?

Katika utafiti wa lahaja, uteuzi wa wahojiwa huathiri matokeo kabla swali la kwanza halijaulizwa. Data ya atlasi ya isimu ya Ufaransa, iliyoasisiwa na Jules Gilliéron, ilikusanywa na Edmond Edmont baina ya 1897 na 1901 katika vituo 639. Kati ya wahojiwa wapatao 700, wanawake walikuwa takriban 60 tu.

Kishawishi hicho humkabili pia mtafiti wa lahaja za Kiswahili. Anayekwenda Makunduchi, Unguja, akawahoji wazee wa barazani peke yao, hupata Kikae cha wazee hao. Hawezi kudai kuwa amekieleza Kikae kizima, seuze kuthibitisha kwamba kinakufa, ilhali wanawake na vijana hakuwasikiliza.

Hayo hayana maana kwamba uchache wa wahojiwa ni kasoro. Utafiti usio wa kitakwimu haudai wingi wa watu. Unadai sababu ya kuchaguliwa kwa kila mmoja. Kwa hiyo, ripoti haina budi kuwabainisha waliohojiwa, walioachwa, na kwa nini. Vinginevyo, kamusi itakayotungwa kutokana na data hiyo itawanyamazisha wasemaji kwa jina la lahaja yao wenyewe.