Kustaafu Mapema: Je, Tumeketi Kupiga Hesabu?



Miongoni mwa waumini walioajiriwa hapa Bariadi, walimu, wauguzi, maafisa ugani na makarani wa halmashauri, yamezidi siku hizi mazungumzo ya kustaafu mapema. Mmoja ataka kuondoka kazini akifika miaka 55, mwingine hataki hata kufika huko, asema 45 yatosha. Sababu wanazotoa ni njema: kulima shamba lao wenyewe, kufungua duka, kuhudhuria darsa bila kuomba ruhusa ya mkuu wa kazi, kuwalea watoto ambao sasa wanawaona usiku tu. Hatuoni ubaya katika nia hizo. Lililotufanya tushike kalamu ni jibu wanalotoa tunapowauliza watakula nini. Karibu wote husema: "Kiinua mgongo kipo."

Hebu tukitazame hicho kiinua mgongo kwa tarakimu.

Mtumishi wa umma Tanzania hulazimika kustaafu akiwa na miaka 60, na huruhusiwa kustaafu kwa hiari kuanzia miaka 55. Tangu Agosti 2018 watumishi wa umma wamo katika mfuko mmoja wa PSSSF, uliounganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Kanuni ya kukokotoa mafao ni hii: idadi ya miezi ya kuchangia huzidishwa kwa wastani wa mshahara wa mwaka, kisha hugawanywa kwa 580. Kinachopatikana ni pensheni kamili ya mwaka. Sehemu yake huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo, na sehemu iliyobaki hugawanywa kwa miezi 12 na kulipwa kila mwezi.

Tuchukue mwalimu aliyechangia miezi 360, yaani miaka 30, na wastani wa mshahara wake ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Pensheni yake kamili ya mwaka ni shilingi 7,448,276. Kwa mkupuo wa asilimia 40 atapokea shilingi 37,241,379, na kila mwezi shilingi 372,414. Mwalimu huyu, baada ya kodi na makato mengine, alikuwa akipeleka nyumbani kiasi cha shilingi 800,000 na zote zikiisha. Akistaafu na 55 na kuendelea kuishi vile vile, kila mwezi atapungukiwa na shilingi 427,586, nazo atazichota katika mkupuo. Tukikadiria kwamba gharama za maisha zapanda kwa asilimia 4 kila mwaka na pensheni yake haipandi, mkupuo wote utakwisha mwanzoni mwa mwaka wa saba. Yaani akiwa na miaka 61. Na hapo hajajenga, hajanunua trekta, hajaozesha binti, wala hajamlipa mtu deni. Mgongo umeinuliwa kwa miaka sita, kisha umerudi kuinama, na sasa ni mgongo wa mzee.

Na huyo wa miaka 45? Ikiwa alianza kazi na 25, ana miezi 240 ya kuchangia. Miezi hiyo imevuka 180 inayotakiwa, kwa hiyo haki yake ya pensheni ipo, ila pensheni ya uzeeni haianzi kabla ya miaka 55. Baina ya umri huo na huo mna miezi 120. Kwa matumizi yale yale ya shilingi 800,000, hata bei ya sukari isipopanda kwa senti moja, anahitaji shilingi milioni 96 za kumvusha. Akishavuka atakuta pensheni ya shilingi 248,276 kwa mwezi.

Wapo watakaosema kwamba hesabu hizi za mwaka huu zaweza kubadilika mwakani. Ni kweli, na hiyo ndiyo hoja yetu. Mwanachama wa PSPF au LAPF kwa kanuni ya zamani aligawanyiwa kwa 540, akazidishiwa kwa 15.5, akapewa nusu kwa mkupuo. Mwalimu wetu yule yule angepokea shilingi milioni 62. Mwaka 2018 zikaja kanuni za asilimia 25. Watumishi wakalia, na mwezi Desemba mwaka huo huo Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33, na kwa mfano wetu huo ni shilingi 30,724,138. Katika bajeti ya mwaka 2024/25 Serikali ikapandisha hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa katika kundi la nusu. Mtu aliyechora ramani ya nyumba mwaka 2010 kwa kutegemea milioni 62, akastaafu mwaka 2023, alipokea chini ya nusu ya alichokitarajia, ingawa pensheni yake ya mwezi ilikuwa kubwa zaidi kuliko ya zamani. Hilo la mwisho wengi hawalitaji. Wao hutazama mkupuo tu.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza jambo ambalo baadhi ya wazee wetu watalicheka: kila mwenye kutarajia kustaafu, mapema au kwa wakati, atengeneze lahajedwali yake. Lahajedwali ni karatasi ya hesabu ya kompyuta yenye visanduku vilivyopangwa kwa mistari na safu. Vijana wengi waijua kwa jina la Excel. Ipo pia ya LibreOffice isiyouzwa, na zipo za kwenye simu. Ubora wake kuliko daftari ni mmoja. Ukiandika umri wa kustaafu katika kisanduku kimoja, asilimia ya mkupuo katika kingine, na kupanda kwa bei katika cha tatu, kisha ukaufanya mwaka baada ya mwaka usome kutoka visanduku hivyo, basi siku Serikali ikibadili asilimia, wewe wabadili kisanduku kimoja tu, na miaka 30 yote hujikokotoa upya mbele ya macho yako. Badili 55 iwe 58, utaona mkupuo unavyorefuka. Badili matumizi ya 800,000 yawe 600,000, utaona zaidi ya hapo. Kwa uzoefu wetu wa kuwasaidia baadhi ya waumini, kisanduku cha matumizi ndicho chenye nguvu kuliko vyote, na ndicho ambacho watu hukijaza kwa kubahatisha. Kwanza andika matumizi ya kweli kwa miezi mitatu, hata ya vocha na ya bodaboda.

Tumesikia pia watu wakileta kanuni ya kigeni, kwamba ukiwa na akiba iliyo mara 25 ya matumizi yako ya mwaka, basi wewe huru. Kanuni hiyo yatokana na kazi ya mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, aliyoichapisha mwaka 1994. Alitazama hisa na hatifungani za Marekani tangu mwaka 1926, akaona kwamba mwenye kuchota asilimia 4 mwaka wa kwanza, na kuongeza kwa kadiri bei zinavyopanda, akiba yake haikuisha ndani ya miaka 30. Ni kazi ya maana kwa watu aliowaandikia. Lakini nusu ya mizani yake ni hatifungani za riba, nayo riba Muislamu haijengei uzee wake. Nusu ya pili ni kampuni za Marekani, na mwalimu wa Bariadi akiba yake iko kwenye ng'ombe, kiwanja na shamba la pamba. Kwa matumizi yake kanuni hiyo ingemdai shilingi milioni 240. Akiamini hivyo atakata tamaa na kuacha kupanga kabisa. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ya kukosea hesabu.

Badala yake mtu ahesabu mali aliyonayo na inavyozaa. Huku Usukumani ng'ombe ndiyo benki ya asili, na mwenye akili haidharau. Hata hivyo ng'ombe hufa mwaka wa ukame, na Meatu wanalijua hilo vizuri kuliko sisi, kwa hiyo katika lahajedwali pawe na mwaka ambao kundi limepungua. Pamba nayo si mshahara. Msimu wa mwaka 2022 ulifunguliwa kwa bei elekezi ya shilingi 1,560 kwa kilo, na wa mwaka 2023 kwa shilingi 1,060. Mwenye kuvuna kilo 1,000 alipoteza nusu milioni bila kulala siku moja. Anayetaka kuacha ajira kwa kutegemea pamba aandike bei ya mwaka mbaya. Ya mwaka mzuri aiache iwe furaha. Kwa wanaotaka kuwekeza kwa njia ya halali, milango imeongezeka kidogo: Amana Bank ilianza kazi mwaka 2011, na mwaka 2022 benki ya KCB ilitoa sukuk iitwayo Fursa. Ni machache, na yako mbali na Simiyu. Makato ya lazima ya mfuko wa pensheni yana maelezo yake ya kifiqhi ambayo nafasi hii haiyatoshi, mtumishi hakuyachagua.

Baadhi ya ndugu zetu watasema kupanga miaka 30 mbele ni upungufu wa tawakkul. Tunawaomba warejee Sura ya Yusuf. Nabii Yusuf (A.S.) alipofasiri ndoto ya mfalme, aliwapangia watu wa Misri miaka saba ya kulima na kuacha nafaka katika mashuke yake, ili iwavushe miaka saba ya ukame. Nani alikuwa na tawakkul kubwa kuliko yake? Na imethibiti katika Sahihi mbili kwamba Mtume (S.A.W.) akiwawekea ahli zake chakula cha mwaka mzima. Naye Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipotaka kutoa mali yake yote sadaka katika maradhi, Mtume alimwekea mpaka wa theluthi, akimweleza kwamba kuwaacha warithi wakiwa na kitu ni bora kuliko kuwaacha wakiombaomba kwa watu. Tunaloliona sisi ni kwamba anayesema "Mungu atatoa" kuhusu uzee wake, mara nyingi anakusudia kwamba mwanawe wa kiume atatoa, na kijana huyo hajaulizwa.

Sasa mistari ambayo lahajedwali za watu wengine hazina. Mmoja ni wa zaka. Mkupuo ukiingia, ukafikia nisabu na kupitiwa na mwaka wa hijria, una asilimia 2.5. Tulipouweka mstari huo katika mfano wetu, kwa nisabu ya fedha ya gramu 595, akiba iliishia ndani ya mwaka wa sita. Hatusemi kwamba zaka inapunguza mali. Tunasema iandikwe tangu mwanzo, ili siku ya kuitoa mtu asiione kama mgeni aliyevamia. Ng'ombe wa malisho nao, wakifika 30, wana yao.

Mstari mwingine ni wa jamaa. Ada ya mtoto wa ndugu, mchango wa msiba, dawa ya mama. Hiki ndicho kisanduku kinachovunja mipango mingi, kwa kuwa mtu hupanga kana kwamba ataishi peke yake, kisha siku ya kustaafu ukoo wote hupata habari ya milioni 37. Aamue kiasi mapema, akiandike, akitoe kwa moyo mweupe, na kikiisha aseme kimeisha.

Wa tatu ni deni, nao ungepaswa kuwa wa kwanza. Twawajua watumishi ambao kadi zao za benki zimo mikononi mwa wakopeshaji wa mtaani, wale wa "kausha damu", na mshahara ukiingia huchotwa na mwingine. Mtu wa namna hii akizungumzia kustaafu mapema anazungumzia kumlipa mkopeshaji wake kwa mkupuo. Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mwenye deni asiyeacha cha kulilipia, akawaambia Masahaba wamswalie wao, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolibeba deni lile. Katika lahajedwali ya mwenye deni la riba, kisanduku cha umri wa kustaafu kibaki kitupu mpaka deni lisome sifuri.

Jambo la mwisho ni kwamba karatasi hii mke aione. Tumeshuhudia mirathi kadhaa ambapo mjane hakujua mume alikuwa mwanachama wa mfuko gani, wala anadaiwa na nani, na wadai wakajitokeza siku ya tatu. Kisheria yetu mali ya maiti hutoka kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo wagawiwe warithi. Basi ukurasa wa pili wa lahajedwali uwe na orodha: nambari ya uanachama, akaunti, viwanja na hati zake zilipo, tunaodai na tunaodaiwa, na majina ya mashahidi.

Atakayehitaji msaada wa kuanza na aje madrasa baada ya swala ya Isha, akiwa na hati yake ya mshahara na orodha ya madeni yake yote. Asiye na kompyuta asione haya. Ipo moja, na zamu zitapangwa.