Wito kwa Wanaosomea Sheria: Someni Hukumu Nzima

Wadogo zangu mnaosomea sheria, na ninyi mlioko kidato cha sita mnaofikiria kuisoma, naomba mnisikilize.

Oktoba 2022 nchi nzima ilikuwa ikiwazungumzia wanafunzi wa sheria. Matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, ambayo wengi tunaiita Shule ya Sheria, yalionyesha kuwa kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wanafunzi 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakadisko. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe ili kutafuta kiini cha tatizo. Mitaani na mitandaoni watu walirushiana lawama: wapo walioilaumu taasisi, wapo walioona vyuo vikuu ndivyo vyenye kosa, na wapo waliosema vijana wa siku hizi hawasomi.

Sitaki kuifufua kesi hiyo. Nataka tulitazame jambo moja ambalo halikuwa na ubishi: wale vijana wote 633 walikuwa na shahada ya sheria. Walikuwa wamekaa madarasani kwa miaka, wamefanya mitihani, wamevaa majoho, na wazazi wao wamepiga vigelegele. Kwa hiyo ninayemwonea uchungu zaidi leo ni yule wa mwaka wa kwanza, kwa sababu yeye bado ana muda. Ombi langu kwake ni hili: usiingoje Shule ya Sheria ije ikufanye mwanasheria. Anza sasa kuisoma sheria kwenye chanzo chake, yaani kifungu chenyewe, hukumu nzima na chumba cha mahakama.

Nasema hivyo kwa sababu nayajua madesa. Yanapita mkono kwa mkono kutoka mwaka hadi mwaka, yananakiliwa hadi herufi zinafifia, na aliyeyaandika hakumbukwi tena. Mwanafunzi anayameza usiku wa kuamkia pepa na anafaulu. Hata hivyo, ndani ya madesa hayo kuna vifungu vilivyokwisha kurekebishwa na kesi zilizofupishwa mpaka zimebaki jina na sentensi moja. Ukiingia nayo Shule ya Sheria, mahali unapopewa jalada na kuambiwa uandae hati ya madai, hati ya kiapo au hoja za rufaa, huna pa kushika.

Nitoe mfano wa kesi ambayo karibu kila mwanafunzi wa sheria nchini ameisikia: Ephrahim dhidi ya Pastory, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu, Mwanza, mwaka 1990. Desa litakwambia: "Jaji Mwalusanya alisema mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo." Basi, imeisha. Sasa ichukue hukumu yenyewe uisome taratibu, ukiwa na kalamu.

Utakutana kwanza na watu. Kuna mwanamke aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Uzee unamwingia na hana wa kumtunza. Agosti 1988 analiuza shamba lile kwa shilingi 300,000, na mnunuzi si mtu wa ukoo. Siku iliyofuata mpwa wake anafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha, Muleba, akitaka mauzo yatamkwe kuwa ni batili kwa kuwa mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo inamkubalia mpwa. Mwanamke anakata rufaa Mahakama ya Wilaya na kushinda. Mpwa naye anapanda Mahakama Kuu. Hapo umeshajifunza jinsi shauri linavyopanda ngazi, na hujameza chochote kwa kichwa.

Endelea. Kanuni za urithi za kimila, zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, zilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote lakini zikamkataza kuliuza. Jaji James Mwalusanya akaziweka kanuni hizo kando ya Katiba, ambayo mwaka 1984 ilikuwa imeingiziwa haki za msingi, ikiwamo marufuku ya ubaguzi. Akaamua kuwa katika jambo hili mwanamke anasimama pale pale anaposimama mwanamume. Sasa soma mwisho wa hukumu, sehemu ambayo desa huiacha. Mwanamume wa ukoo naye, akiuza shamba kwa mtu wa nje bila ridhaa ya ndugu, ndugu wana nafasi ya kulikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Kwa kuwa haki ni sawa, sharti hilo likamhusu na mwanamke. Mauzo yalikuwa halali, na mpwa aliachiwa mlango wa kulikomboa shamba kwa kulipa zile 300,000.

Aliyesoma desa angemwambia mteja wake, "Umeshinda, nenda kalale." Aliyesoma hukumu nzima angemwambia, "Umeshinda, lakini ndugu yako akija na hela, shamba linaweza kurudi kwenye ukoo." Kwa mnunuzi aliyekwisha kupanda migomba pale, tofauti ya majibu hayo mawili ni kubwa sana.

Nawaomba basi mjiwekee utaratibu: hukumu moja kila wiki, mwanzo hadi mwisho. Hukumu za mahakama zetu zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII, hata kwa simu ya kawaida. Katika daftari andika mambo matano: nini kilitokea, shauri lilipita mahakama zipi, swali la kisheria lilikuwa lipi, jaji alilijibu kwa sababu gani, na nani alipata nini mwishoni. Kila kifungu kinachotajwa, kifungue ukisome chenyewe, na uhakikishe toleo ulilonalo ndilo linalotumika leo. Ukimaliza miaka yako chuoni utakuwa na zaidi ya hukumu mia moja ulizozisoma kwa macho yako. Hapo swali la mtihani halitakutisha, kwa sababu mtahini anakuuliza jambo lile lile ulilozoea kumwona jaji akilifanya: kutoka kwenye ukweli hadi kwenye swali, kutoka kwenye swali hadi kwenye sheria, kisha kwenye jibu lenye sababu.

Jambo la pili ni kwenda mahakamani. Kwa kawaida mashauri husikilizwa hadharani, isipokuwa machache kama yale yanayowahusu watoto. Huhitaji barua ya utambulisho ili kukaa kwenye benchi la nyuma. Vaa kwa heshima, zima simu, simama hakimu anapoingia, na usirekodi chochote. Wengi hukimbilia Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kusikiliza kesi zinazotangazwa kwenye magazeti. Mimi nawashauri muanze na Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu na kwenu. Pale mambo huenda kwa Kiswahili, na mashauri ni ya mirathi, talaka, madeni na ugomvi wa majirani. Sikiliza namna mjane anavyojieleza akiwa peke yake, na namna hakimu anavyochambua maneno mengi hadi kupata lile moja lenye uzito kisheria. Halafu ujiulize: ningekuwa ndugu yake, ningemsaidia kuliandaa vipi shauri hili?

La tatu ni lugha, na hapa nasema na kila mmoja wenu. Chuoni mnafundishwa kwa Kiingereza, na sheria nyingi bado zinasomwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mwanzoni mwa mwaka huo huo, katika kilele cha Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais John Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Mwanasheria wa kizazi chenu atahitaji lugha zote mbili, na zote ziwe safi. Kila hukumu unayoisoma, ieleze kwa nusu ukurasa wa Kiingereza sanifu, kisha kwa nusu ukurasa wa Kiswahili ambao mama yako ataelewa. Ukishindwa ile ya pili, rudi uisome tena, maana hujaielewa bado.

Wadogo zangu wa kidato cha sita, mliosoma HKL, HGL na tahasusi nyingine, nanyi nawaomba jambo. Kabla ya kujaza sheria kwenye fomu ya udahili, soma mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) wa mwaka huo ujue kila chuo kinataka alama zipi, na uulize safari nzima ina urefu gani. Shahada ndiyo hatua ya kwanza tu. Anayetaka uwakili ataendelea na Shule ya Sheria, kisha atapita kwenye Baraza la Elimu ya Sheria, ndipo aapishwe na Jaji Mkuu na kuandikwa kwenye orodha ya mawakili. Kaeni na wazazi mpige hesabu za ada, pango na nauli hadi mwisho wa safari hiyo, maana bumu la chuo lina siku yake ya kukoma. Kama alama hazikutosha, mlango haujafungwa: wapo waliopitia astashahada na stashahada, kwa mfano katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, na leo wako kwenye utumishi wa haki.

Lipo pia jambo ambalo halimo kwenye mtaala, nalo litawafikia mapema. Ukirudi likizo ya kwanza tu, kijijini utakuwa umeshaitwa mwanasheria. Baba mdogo ataleta karatasi ya mauzo ya kiwanja. Jirani ataomba umwandikie kiapo, na atataka kukupa chochote kitu. Mpokee kwa upole, isome karatasi yake, umweleze unachokielewa. Lakini pesa usipokee, na usijifanye wakili. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza asiye na sifa kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo, na vishoka wamewaliza wananchi vya kutosha. Jina lako zuri ndilo utakaloombea kuapishwa siku moja, kwa hiyo lilinde tangu leo. Umwelekeze jirani kwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, au kwenye kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu. Bora zaidi, ukiwa chuoni jiunge na kliniki ya msaada wa kisheria, ujifunze kusikiliza watu chini ya usimamizi wa waliokutangulia.

Wala msidhani kwamba lazima nywele ziote mvi ndipo sheria ifanye kazi mikononi mwenu. Rebeca Gyumi alikuwa mwanasheria kijana alipokwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa idhini ya mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimkubalia. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikasimama na uamuzi ule ule. Shauri lile lilijengwa juu ya vifungu viwili vilivyosomwa kwa makini kando ya Katiba. Vifungu hivyo vilikuwa wazi kwa yeyote kuvisoma kwa zaidi ya miaka arobaini.

Nanyi mawakili, mahakimu na walimu wenzangu, wito huu unatugusa. Kijana anapobisha hodi ofisini akiomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, tusimwachie kazi ya kununua vocha na kupanga mafaili. Tumpe jalada moja alisome, aandike rasimu, tuisahihishe kwa kalamu nyekundu na tumweleze kwa nini. Tumpeleke mahakamani tunapokwenda. Walimu, tuwaulize wanafunzi maswali ambayo desa haliwezi kuyajibu. Na wazazi, mtoto akisema anaisoma sheria, muulizeni pia wiki hii amesoma hukumu gani, awasimulie. Mtajifunza nanyi, naye atapata mazoezi.

Ndugu zangu, kuna mahabusu anayesubiri tarehe nyingine ya kutajwa kwa kesi yake, na kuna mjane ambaye mashemeji wamemtolea vyombo nje. Wote wanahitaji mtu anayejua kifungu kinasema nini na mahakama ilikwisha kuamua nini. Watu hao hawatakuuliza ulipata alama gani. Kwa hiyo kabla wiki hii haijaisha, tafuta wenzako wanne, chagueni hukumu moja ya Mahakama ya Rufani, kila mtu aisome yote peke yake, kisha mkutane mbishane juu yake hadi mwelewane. Wiki ijayo chagueni nyingine.