Saa ya Mwisho Ndiyo Inayohitaji Watu



Mwezi huu tunaomba utuvumilie, maana tutaanzia mbali, huko Marekani katika milima ya California, kisha tutarudi polepole mpaka jikoni kwako.

Huko kuna mbio za miguu zinazoitwa Western States. Si mbio za kuzunguka uwanja. Ni kilomita 161 za njia ya mlimani, kutoka Olympic Valley hadi mji wa Auburn. Mkimbiaji hupanda jumla ya mita zipatazo 5,500 na kushuka mita zipatazo 7,000. Mchana, huko chini mabondeni, joto huweza kupita nyuzi 38. Wakimbiaji huondoka Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, na anayetaka kuhesabiwa kuwa amemaliza ni lazima afike kabla ya saa tano asubuhi ya Jumapili. Hizo ni saa 30, mchana, usiku na asubuhi nyingine.

Zamani njia hiyo ilikuwa ya mashindano ya farasi, yaliyoanza mwaka 1955. Mwaka 1974 kijana mmoja, Gordy Ainsleigh, aliingia humo bila farasi, akakimbia kwa miguu yake mwenyewe na kumaliza kwa saa 23 na dakika 42. Wengine wakamfuata, na hivyo mbio za watu zikazaliwa.

Sisi si wakimbiaji. Tukionekana tunakimbia, basi mvua inakuja na nguo ziko kambani. Kijana mmoja wa nyumbani ndiye aliyetuonyesha picha za mbio hizo kwenye simu yake, nasi tukaangalia kwa shingo upande, tukidhani ni mambo ya watu wenye nafasi. Lakini muuguzi ana macho yake. Tulianza kwa kuwatazama wakimbiaji, tukaishia kuwatazama wale wanaowahudumia.

Wakimbiaji ni kama 370 hivi. Watu wanaojitolea kuwahudumia ni zaidi ya 1,500, na hawalipwi. Maana yake, kila anayekimbia ana watu wanne nyuma yake. Njiani kuna vituo vipatavyo 20. Huyu anakata matikiti, yule anajaza chupa za maji, mwingine anachemsha viazi na supu yenye chumvi, mwingine anatia barafu ndani ya kofia ya mtu asiyemjua hata jina. Karibu kilomita ya 125 kuna mto, mahali paitwapo Rucky Chucky. Hapo watu wa kujitolea husimama ndani ya maji baridi, usiku, kando ya waya mnene uliovutwa toka ng'ambo hii hadi ng'ambo ile, wakimwelekeza kila anayevuka mahali pa kuweka mguu. Maji yakiwa mengi, huwavusha kwa boti za mpira.

Hayo yote ni mazuri, lakini kilichotugusa zaidi ni habari ya mwaka 2015. Mwaka huo alikimbia bibi mmoja aitwaye Gunhild Swanson, mwenye umri wa miaka 70. Hadi wakati huo hakuna mwanamke wa umri huo aliyekuwa amewahi kumaliza mbio hizo. Saa zikaenda, usiku ukapita, jua likachomoza, na bibi bado yuko njiani. Mbio humalizikia kwenye uwanja wa shule moja ya sekondari pale Auburn. Ile saa ya mwisho, kuanzia saa nne hadi saa tano asubuhi, wenyewe huiita saa ya dhahabu. Je, unadhani wakati huo watu wamekwisha kwenda zao kulala? La, uwanja ndio kwanza umejaa. Wanakuja kuwapokea wa mwisho.

Mshindi wa mwaka ule alikuwa Rob Krar, aliyekuwa amemaliza tangu Jumamosi jioni kwa saa 14 na dakika 48. Asubuhi ile alikuwa amevaa kandambili. Alipoona bibi anakuja na dakika zimebaki chache, alikwenda akakimbia naye zile hatua za mwisho, akiwa na hizo kandambili zake, pamoja na wengine waliomzunguka. Hawakumshika wala kumbeba, kwa maana sheria haziruhusu. Walikimbia kando yake tu. Bibi akavuka mstari kwa saa 29, dakika 59 na sekunde 54. Zilibaki sekunde sita.

Tuliirudia picha hiyo mara tatu. Mara ya tatu tukaona haya. Tutakwambia kwa nini.

Miaka michache iliyopita, mume wa mama mmoja katika jumuiya yetu alipatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulilala, na maneno yakawa hayatoki. Aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, akina mama tulifika kwa wingi. Tulileta unga, sukari, sabuni na kuni. Tuliimba, tukaomba, tukaosha vyombo. Kwa wiki tatu nyumba ile haikukosa watu, hata majirani wakatusifu. Sisi wenyewe, kwa kuwa ni wauguzi, tulimwonyesha mama jinsi ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Tukaona tumefanya kazi kubwa.

Kisha ikaja harusi ya mtu, ukaja msimu wa kulima, shule zikafunguliwa. Mwezi wa pili tulikuwa wachache. Mwezi wa nne alikuwa anafika mmoja mmoja, tena amesimama mlangoni na kikapu mkononi. Tulikuwa tukimwona mama yule kanisani, tunamsalimu, "Hujambo, mama?" naye anajibu, "Sijambo." Tunapita.

Mwezi wa saba aliletwa zahanati ameshikiliwa na mwanawe wa darasa la sita. Alikuwa ameanguka kisimani. Tulimpima presha, tukadhani kipimo kimeharibika, tukapima tena kwenye mkono wa pili. Ilikuwa 200 kwa 120. Tulipomuuliza dawa anazotumia, alifungua pindo la khanga akatoa vidonge vya diklofenaki. Mgongo ulikuwa unamuuma kwa kumgeuza mume usiku na mchana, akawa anavinunua dukani na kuvimeza kila siku, asubuhi na jioni, kwa miezi. Dawa za aina hiyo huweza kupandisha presha na kudhuru figo zikitumiwa muda mrefu bila uangalizi. Siku ile ilibaki kidogo nyumba moja ipate wagonjwa wawili wa kiharusi, na watoto wanne wabaki bila mtu wa kuwapikia.

Alipopata nafuu tulimwuliza, "Dada, mbona hukusema?" Akatutazama bila hasira. Akasema, "Mliniuliza hujambo, nikasema sijambo. Nilitakiwa nijibu nini?"

Mama mpendwa, jibu hilo bado tunalo moyoni. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiwa kichwani pa mwenzako, wewe huuoni uzito wake.

Ndiyo maana picha ya bibi Gunhild ilitutia haya. Wale wa Auburn hujaa uwanjani saa ya mwisho. Sisi hujaa saa ya kwanza. Mzazi akijifungua, uji unakuja kutoka nyumba tano, lakini mtoto akifika miezi mitatu, hajalala usiku hata mmoja, hakuna anayebisha hodi. Msiba ukitokea tunalala matanga, lakini mjane akianza kuhangaika na karo ya shule mwaka unaofuata, tuko wapi? Hatusemi watu wasifike siku ya kwanza. Tunasema wasiishe wote siku hiyo.

Tangu hapo tulibadili mambo machache katika umoja wetu wa akina mama. Tunakupa nawe uyajaribu kwako.

Kwanza, tuliacha kufika wote kwa pamoja. Palipo na ugonjwa wa muda mrefu, tunaandika zamu kwenye daftari: nani Jumatatu, nani Alhamisi, kwa miezi mitatu, kisha tunapanga tena. Kila mmoja ana kazi yake ndogo anayoiweza. Mwenye nguvu anateka maji. Mwenye cherehani anashona mashuka. Aliye mzee anakaa na mgonjwa saa mbili ili mwenye nyumba alale. Saa mbili za usingizi kwa anayeuguza ni zawadi kuliko kilo mbili za sukari.

Pili, tulibadili maswali. Katika mbio zile za mlimani, mtu wa kituoni hatosheki na mkimbiaji akisema yu mzima. Humtazama machoni, akamwuliza amekula nini, amekojoa lini, maana mtu aliyechoka hajui kwamba amechoka. Hata maji yakinywewa kupita kiasi hupunguza nguvu ya chumvi mwilini, mtu akaumwa kichwa, akatapika na kuchanganyikiwa, huku akisema yu salama. Basi nasi tunauliza: "Jana ulilala saa ngapi? Leo umekula nini, na ulikula umekaa? Ni lini mara ya mwisho ulipimwa presha?" Maswali hayo hayajibiwi kwa "sijambo".

Tatu, anayeuguza naye ni mtu wa kupimwa. Ukienda kumpeleka mgonjwa wako kliniki, nyosha nawe mkono wako upimwe. Na vidonge vya maumivu visigeuke chakula. Inafaa ujue kwamba hata wakimbiaji wale huonywa wasimeze dawa za maumivu wakiwa njiani, kwa ajili ya figo zao. Mgongo ukikuuma zaidi ya wiki, njoo utuone.

Nne, tuwaachie na wanaume nafasi. Katika zamu zetu tuliwaomba waume wawili wawe wanafika jioni kumgeuza mgonjwa na kumfanyisha mazoezi ya mguu. Tulidhani watakataa. Walikuwa wanangoja kuombwa.

Jambo la mwisho tunalisema kwako wewe uliye njiani, uliyechoka. Katika mbio zile, anayechelewa sana kituoni husimamishwa, akafunikwa blanketi na kurudishwa kwa gari. Hakuna anayemcheka. Kusema "nimeshindwa leo, nisaidieni" si aibu, wala si kukosa imani. Sema mapema, kabla ya kisimani.

Mama yule sasa anameza vidonge vyake vya presha kila asubuhi. Mumewe anatembea kwa fimbo mpaka barazani, na maneno machache yamerudi. Hatudai kwamba tumekuwa wema kupita kiasi. Mwezi uliopita zamu ya Alhamisi ilitupita sisi wenyewe, tukakumbuka usiku, tukaenda Ijumaa tukiwa tumeinamisha kichwa. Mama akatucheka, akatupa kinu tutwange.

Kabla hujaufunga ukurasa huu, fikiri kidogo. Ni nani ulimsindikiza siku ya kwanza, na sasa huna habari zake? Wiki hii mtembelee. Si lazima uwe na kikapu. Nenda hata na kandambili zako.

Tukutane tena mwezi ujao, Mungu akipenda.