Mbwa Kali, Mbwa Mkali

Sarufi ya Kiswahili inamheshimu mbwa kuliko tunavyomheshimu sisi. Inamweka pamoja na viumbe hai wenzake: mbwa mkali, mbwa mzee, mbwa huyu. Lakini hebu pita mitaa ya Nairobi, kuanzia Lavington hadi South B, usome malango. Kuna kibati kimepakwa rangi na kuandikwa kwa herufi kubwa: MBWA KALI. Kali kama pilipili kali. Kali kama dawa kali, kama pombe kali.

Najua, ndivyo tunavyosema mtaani, na sina haja ya kuwa askari wa ngeli. Ila safari hii kosa limesema ukweli kuliko usahihi. Huyo aliye nyuma ya lango hakununuliwa kama kiumbe. Alinunuliwa kama kifaa cha ulinzi, ndugu yake seng'enge na vigae vya chupa vilivyopandwa juu ya ukuta. Na kifaa, bwana, siku kisipofaa tena kinaondolewa.

Siku hiyo huja. Familia inahamia fleti ya ghorofa ya sita, ambako hata paka anaombewa ruhusa. Mwenye nyumba anapata kazi ng'ambo. Mtoto wa jirani anaumwa mkono. Mbwa anapakiwa kwenye gari, anapelekwa kwenye kituo cha wanyama, na pale kwenye fomu panapoulizwa sababu, mtu anaandika neno moja: "Tumehama." Baada ya wiki kadhaa za kumchunguza, kituo kinatoa tangazo. Matangazo haya hufanana sana, kwa hiyo nitatunga moja kwa mfano wake, na mbwa nitamwita Simba, maana nusu ya mbwa wa nchi hii ni Simba:

Simba, dume, miaka 4, chotara wa German Shepherd. Ameletwa na mwenyewe. Hapatani na mbwa wengine. Hulinda chakula chake. Huogopa wanaume wasiomfahamu. Amewahi kuuma. Hafai nyumba yenye watoto. Anahitaji mtu mwenye uzoefu.

Watu wema husoma tangazo kama hili wakakasirika. Eti mnamharibia jina. Eti nani atamchukua mkiandika hivyo? Andikeni kwamba ana macho mazuri, kwamba anapenda kukunwa nyuma ya masikio, kwamba anachohitaji ni upendo tu.

Mimi nasema hapana. Tangazo hilo kavu, lisilo na hata kivumishi kimoja cha kubembeleza, ni miongoni mwa maandishi ya kweli zaidi yanayoandikwa kuhusu mbwa. Wanaotaka lipakwe asali wanafanya kosa la uandishi ambalo bei yake hulipwa kwa nyama ya mtu, na baadaye kwa uhai wa mbwa.

Lugha ya asali tunaijua. "Ana nguvu nyingi" maana yake aling'oa mlango. "Ni mwaminifu mno kwa familia" maana yake mgeni asiingie. "Anapenda kuwa na nafasi yake" maana yake ukisogeza sahani yake utashonwa nyuzi. Kila sentensi hapo ina chembe ya ukweli, na hapo ndipo uhatari wake ulipo, kwa sababu msomaji wa tangazo hasomi ili aburudike. Anasoma ili aamue kama atamleta mnyama huyu ndani ya nyumba ambamo binti yake wa miaka 3 anatambaa chini ya meza akitafuta kikaragosi chake. Mwandishi aliyeficha jambo kwa ajili ya mahaba ya sentensi nzuri ndiye aliyemweka mtoto huyo chini ya ile meza.

Na kwetu kung'atwa na mbwa si kidonda cha kupaka iodini tu ukaendelea na safari. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, na dalili zikishaanza, ugonjwa huo karibu kila mara huua. Simba akiwa amechanjwa na cheti kipo, sawa. Kama hakipo, aliyeumwa anaanza safari ya zahanati kutafuta sindano ambazo si kila zahanati inazo.

Kuna jambo ambalo wafunzaji wa mbwa hulirudia mpaka wanachoka: usimpige mbwa kwa sababu amenguruma. Mngurumo ni taarifa. Mbwa anasema, umefika mpaka wangu, rudi. Ukimchapa kila anaponguruma, hajifunzi kupenda wageni, anajifunza kunyamaza. Halafu siku moja anauma "ghafla", na watu wanaapa kwamba hakutoa dalili yoyote. Tangazo la asali linafanya hivyo hivyo. Limeunyamazisha mngurumo kwa niaba ya mbwa, likampeleka kwa watu wasiojua mpaka uko wapi. Akiuma huko anarudishwa, rekodi yake sasa ina meno mawili, na kwa mbwa wa namna hiyo kituo hakibakiwi na mengi zaidi ya sindano ya mwisho.

Hata hivyo tangazo letu kavu nalo lina upungufu, na hapa ndipo hasira yangu inapoelekea. Limeeleza kila kitu kuhusu mbwa na halijasema lolote kuhusu mtu. "Huogopa wanaume wasiomfahamu." Alijifunzia wapi?

Mwaka 1965 John Paul Scott na John Fuller walichapisha kitabu kilichotokana na miaka mingi ya kuchunguza mbwa huko Bar Harbor, Maine. Walionyesha kwamba mtoto wa mbwa ana dirisha, takriban kati ya wiki ya 3 na ya 12, ambamo anajifunza ni nani na nini cha kawaida duniani. Asiyeguswa na watu tofauti katika majuma hayo hukua akiwaogopa, na woga wa mbwa hutokea mdomoni. Wazee wetu hawakuhitaji maabara: samaki mkunje angali mbichi. Sasa tazama tunavyomkunja. Ananunuliwa akiwa na wiki 8, anafungiwa kibandani mchana kutwa, na mwenye nyumba anatoa amri kwamba asizoeshwe watu, "asije akawa mpole." Anaachiliwa usiku. Miaka minne baadaye anaumana na dunia ambayo hakuonyeshwa, na sisi tunaliita hilo tabia yake.

Nisitie chumvi. Si kila mbwa mgumu ametengenezwa na binadamu katili. Wengine huzaliwa waoga. Wengine wana maumivu ya nyonga au jino bovu, na hakuna aliyefikiria kumwita daktari wa mifugo kabla ya kuwaita wabaya. Lakini mtu aliyeishi naye miaka minne anajua mengi kuliko neno "tumehama". Anajua ni nani aliumwa, saa ngapi, kukiwa kumetokea nini. Akiondoka bila kuyasema hayo, amemwachia mgeni kazi ya kuyagundua kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa kuwa tuko mahali pa vitabu, tuvishtaki vitabu pia. Fasihi imetufundisha miisho miwili tu kwa mbwa wa aina ya Simba. Wa kwanza ni White Fang, riwaya ya Jack London ya 1906: mnyama aliyegeuzwa mashine ya kupigana anaokolewa na Weedon Scott, anapendwa, anaishia kulala juani California na watoto wake. Wa pili ni Disgrace ya J. M. Coetzee, ya 1999, ambamo mbwa wasiotakiwa na mtu wanapelekwa kwenye kliniki ya Bev Shaw na kuagwa kwa sindano. Upendo unaponya, au kifo kinapumzisha. Msomaji akifunga vitabu hivyo viwili hajui kwamba kuna njia ya tatu.

Ila London alikuwa mjanja kuliko wasomaji wake. Ukimrudia utamkuta mtu ambaye wengi humsahau: Matt, mwendeshaji wa mbwa wa theluji. Scott anapokata tamaa, Matt ndiye anayeona alama za hatamu kifuani mwa White Fang na kujua kwamba huyu aliwahi kufanya kazi na watu. Matt ndiye anayemfungulia mnyororo, huku rungu liko mkononi. White Fang anamuua mbwa mwingine kwa sababu ya kipande cha nyama, Matt anampiga teke, anaumwa mguu, na anakubali kwamba alistahili. Huo ndio uzoefu. Una huruma, una rungu pia, na unajua nani alaumiwe jino likiingia. Tumemkumbuka Scott na upendo wake, tukamsahau mtu aliyejua kazi.

Njia hiyo ya tatu ipo pia nje ya riwaya. Mwaka 2007 polisi wa Virginia, Marekani, walivamia shamba la Michael Vick, nyota wa kandanda ya Kimarekani, na kukuta mbwa wapatao 50 wa kupiganisha. Mashirika makubwa ya kutetea wanyama, naam, ya kutetea, yalisema wauawe wote. Mahakama ikaagiza wapimwe mmoja mmoja. Ni mmoja tu aliyeonekana kuwa mkali kiasi cha kutosaidika. Wengine wengi walipata nyumba. Wengine 22 wakapelekwa Best Friends, hifadhi iliyoko Utah, na miongoni mwao alikuwepo jike aitwaye Meryl, ambaye mahakama iliamuru asitoke humo maisha yake yote, kwa sababu hakuwaamini wageni. Ukisoma habari hizo kama hadithi ya upendo ulioshinda, umesoma nusu. Meryl hakuponywa. Alijulikana alivyo, akawekwa mahali panapomfaa, akaishi.

Basi huyo "mtu mwenye uzoefu" ni nani? Si shujaa. Ni mtu mwenye milango miwili, wa pili ukiwa umefungwa kabla wa kwanza kufunguliwa. Anamlisha Simba peke yake, chumbani, kila siku, na hamwekei mkono sahanini ili kuonyesha nani bwana. Anamzoesha kifunga mdomo polepole kwa vipande vya nyama, mpaka kiwe kama viatu vya kutokea. Anamwambia shemeji yake, "Subiri nje kwanza," na hajali shemeji akinuna. Anahesabu siku 3 mbwa atulie, wiki 3 azoee ratiba, miezi 3 aanze kuonyesha yeye ni nani hasa. Ni kazi ya kuchosha isiyo na kilele, na labda ndiyo maana waandishi huikwepa.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Vibanda vya vituo vyetu havitoshi. Simba akikaa miezi minane kumsubiri mtu huyo adimu, watoto wa mbwa watano ambao wangechukuliwa ndani ya wiki wamekosa nafasi. Na kibanda chenyewe kinamharibu. Mbwa mwoga hapati nafuu katikati ya kelele za mbwa 100. Kwa hiyo nakubali kwamba kuna Simba ambao jibu lao la haki ni sindano, mikononi mwa mtu anayemfahamu, mapema, kabla hajapitishwa nyumba tatu kwa uongo. Kusema hivyo kunauma. Kumtuma kwa asali kwenda kumuuma mtoto, kisha kumuua kwa kosa hilo, kunauma zaidi, ila maumivu hayo tunawaachia wengine.

Ninachodai ni kidogo. Anayemleta mbwa asiruhusiwe kuandika neno moja. Aketi chini aandike ukurasa mzima, kila jino na kila tukio, na ukurasa huo usafiri pamoja na mbwa. Vituo viendelee kuandika kwa ukavu, na wapenda wanyama waache kuwatukana wanaofanya hivyo. Wewe unayetafuta mbwa, kama una watoto wadogo au hujawahi kumshika mbwa mwenye woga, mpite Simba bila aibu na umchukue mwingine, wapo tele. Kama umewahi, lisome lile tangazo tena taratibu. Kisha piga simu kituoni, na kabla hujauliza anafananaje, uliza aliuma lini, alimuuma nani, na nini kilikuwa kimetokea dakika tano kabla.